Mbuzi kwa Plagi Nne

Mzee Abdulwahab wa Rasbura si bahili. Naanza na hili kwa sababu nusu ya mji wa Lindi humwita hivyo, na mimi niliyelelewa na bahili halisi naijua tofauti. Bahili huona uchungu kutoa. Abdulwahab hutoa. Mfuate na harusi, atachanga; mfuate na msiba, atakuja na gunia la mchele kabla maiti haijaoshwa. Ila usimwambie kwamba kitu chake kimechakaa. Chochote alichokinunua Abdulwahab hubaki kizima mpaka yeye mwenyewe atangaze vinginevyo, na mpaka leo hajatangaza. Miwani yake ina mguu mmoja wa asili na mwingine wa waya wa nyavu. Redio yake husema ukiiweka juu ya sufuria iliyofunikwa, ukiiondoa hunyamaza, naye husema redio nzuri lazima iwe na mahali pake.

Kinachonichekesha ni kazi aliyoifanya kabla ya kustaafu. Alikuwa karani wa ghala la korosho. Miaka yote hiyo alikuwa akizamisha mkono kwenye gunia la mkulima, anatoka na kiganja cha korosho, anazigeuza mara mbili, kisha anasema, "Daraja la pili hii. Peleka kule." Mkulima alie, aape, amtaje mama yake, Abdulwahab hata kope haichezi. Ubovu wa vitu vya watu aliujua kwa kunusa. Vya kwake havikuwa na daraja la pili.

Kiinua mgongo chake alikinunulia gari dogo jeupe la petroli, la yale ya zamani yenye waya nne juu ya injini, kila waya na plagi yake. Plagi, kwa asiyejua, ni kile kidude kinachorusha cheche ndani ya injini ili petroli iwake. Kina ncha ndogo, na ncha ile huliwa na moto kidogo kidogo mpaka mwanya wake unapanuka na cheche inashindwa kuruka. Hapo petroli inaingia, haiwaki, gari linakohoa. Dawa yake ni kuitoa ya zamani na kutia mpya. Ni kitu cha bei ya kawaida, kila duka la spea kinapatikana, hata kwangu, karibu na stendi.

Kwangu alikuja mara nyingi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Plagi zinauzwaje?"

Namtajia.

"Moja?"

"Zote nne, mzee wangu."

Anaichukua moja, anaipima kwa kiganja kama anapima korosho. "Nyepesi. Hizi za siku hizi wanatengeneza kwa bati la kopo."

"Zako ulizifunga lini, mzee?"

"Zangu zilikuja na gari."

"Na gari lilikuja lini?"

"Wewe unauza plagi au unaandika sensa?" Anairudisha rafuni, anaondoka. Wiki ijayo yuko hapo tena, anauliza bei ile ile, anaiona nyepesi vile vile. Mimi sikuwahi kumfukuza. Mteja asiyenunua bado anawavuta wengine, wanafikiri kuna bei nzuri.

Ijumaa asubuhi ndiyo ilikuwa siku ya matibabu. Alitandaza gazeti barazani kwake, akaweka spana ya plagi, kipande cha msasa na kopo la petroli. Akazitoa zote nne akazisugua mpaka ncha zikang'aa. Akishamaliza, ya kwanza anaipeleka nafasi ya nne na ya nne anaileta ya kwanza, eti ipumzike. Ncha zenyewe zilikuwa zimekwisha kuliwa zikawa kama njiti ya kiberiti iliyokwisha kuwashwa. Kauri ya moja ilikuwa na ufa unaouona umekaa ng'ambo ya barabara.

Fundi Lukas, mwenye gereji ndogo chini ya mteremko, alimpitia siku moja yuko kwenye msasa wake.

"Mzee, kila ukizisugua unazila. Mwanya unazidi kuwa mkubwa, moto unashindwa kuruka."

"Wewe Lukas umeanza lini kushika spana?"

"Mzee wangu, mimi nasema tu—"

"Plagi ni kama jino. Ukilipiga mswaki halizeeki."

Lukas akamtazama mdomoni, mahali palipokuwa na meno zamani, akaaga kwa adabu.

Gari nalo likawa linajulikana. Lilikuwa linawaka asubuhi baada ya kubembelezwa, linatetemeka lote mpaka taa za mbele zinagongana na bodi, linatoa harufu ya petroli mbichi inayowafanya majirani wazime majiko. Barabarani lilikwenda kwa kwikwi. Kwenye kilima cha kuingilia Kitomanga nimewahi kuliona kwa macho yangu likipitwa na baiskeli iliyobeba madafu, na mwenye baiskeli alikuwa akiisukuma, anatembea kwa miguu.

Kitomanga alikwenda kufanya nini? Kuposa. Mkewe alifariki, watoto wako Dar, nyumba ya Rasbura ikabaki na yeye na redio juu ya sufuria. Akamwona Bi Kazija, mjane wa Kitomanga mwenye mikorosho yake na shamba la ufuta, mwanamke asiyepunjwa mizani na mtu yeyote. Nikajua kwamba mzee amependa kweli siku niliposikia amenunua godoro jipya. La dukani, na nailoni yake. Abdulwahab! Mtu huyo hakuwa amenunua kitu kipya tangu aache ukarani. Posa aliipeleka kwa Maftaha, kaka yake Kazija, kwa heshima zote. Jibu likarudi fupi: "Mwambie anipe muda nimtazame."

Akawa anakwenda kutazamwa kila Ijumaa baada ya sala. Maftaha ndiye aliyenisimulia mazungumzo yao ya barazani.

"Karibu, Bwana Abdulwahab. Nilianza kukusikia uko bado kule bondeni. Nikabandika chai, ikachemka, ikapoa, ndiyo unafika."

"Injini hii inapumua kwa nguvu, Bi Kazija."

"Inapumua au inakata roho?"

"Gari hii ni nzima kuliko mimi mwenyewe."

Kazija akammiminia chai. "Haya. Nimekusikia," akasema, na Maftaha anaapa kwamba tangu hapo dada yake alianza kumwangalia mzee kwa jicho la mtu aliye mnadani.

Ndipo ukaja msiba. Bi Mwanahija, shangazi yake Abdulwahab aliyeolewa Kitomanga, akafariki kwa uzee, na Abdulwahab akawa mfiwa mkubwa. Nami nilikwenda kuhani, marehemu alikuwa akiniuzia ufuta bila mawe ndani. Na penye msiba wa ukoo ule pana watani wao, watu wa kule milimani. Hao wamezikana na kutaniana na ukoo wa kina Abdulwahab tangu kwa mababu, hawa wanakwenda msikitini na wale kanisani, na dini haijawahi kuuingilia utani huo. Mtani ndiye anayepika msibani, ndiye anayechimba, na ndiye anayeruhusiwa kukutukana ukiwa umevaa uso wa huzuni. Anaweza kuchukua kitu chako akakishika mateka mpaka ukikomboe. Kisheria, kwa maana ya sheria yao, hakasirikiwi. Ukikasirika, umeshindwa.

Kiongozi wa watani alikuwa Antonia, mama wa makamo mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori, kwa hiyo boneti si kitu cha kumtisha.

Siku ya kuondoa matanga, kisomo kimekwisha, watu wanakula, tukasikia ghafla upande wa jikoni, "Kwe! Kwe! Kwe-kwe! Puuuh!" Antonia huyo anakuja, amejiinamia kama mtu mwenye pumu, mikono imeshika usukani wa hewani. Anapiga hatua mbili, anazimika. Watani wenzake wanamsukuma matako. Anawaka, anatetemeka mpaka khanga inataka kudondoka, anazimika tena. Shingoni amevaa ukambaa, na kwenye ukambaa zinaning'inia plagi nne.

Wafiwa walicheka mpaka wakaweka sahani chini. Hata shehe aligeuka kutazama mnazi.

Abdulwahab alizijua plagi zake kutoka mbali, kama mtu anavyowajua wanawe. Akasimama. "Mtani, vua hizo."

"Nivue mkufu? Nimeposwa, bwana! Kuna mchumba mmoja wa Lindi kaniletea!"

Upande wa wanawake kukalipuka kicheko. Bi Kazija alikuwa katikati yao, ameziba mdomo kwa upindo wa khanga, mabega yanacheza.

"Hizo ni plagi za gari yangu."

"Plagi? Mimi nimeokota meno ya babu kizee kwenye kichaka. Tazameni jamani, hili hata pengo linaonekana!" Akaizungusha ile yenye ufa, kila mtu aione.

"Haya, nakomboa. Unataka nini?"

"Kwako sitaki pesa, mtani wangu, wewe ni mfiwa. Nataka neno. Sema mbele ya hawa: plagi zangu zimechakaa, nitanunua mpya. Ukisema tu, nakuvisha mkufu huu na nauli ya kwenda Lindi nakupa."

Ilikuwa ni hivyo tu. Acheke, aseme, akae, ale wali wake. Bi Kazija alishusha khanga mdomoni akawa anamtazama, na uso wake, nakwambieni, ulikuwa uso wa mtu anayemwombea mwenzake ajibu vizuri. Mwanamke anayeweza kucheka na mwanamume anayekubali kuchekwa, hapo nyumba imekwisha kujengwa, imebaki kuezeka.

Abdulwahab akakohoa, akaanza kueleza. Akaeleza chuma cha zamani kilivyokuwa, akaeleza chumvi ya bahari inavyodanganya macho, akaeleza msasa namba ngapi hutumika. Alieleza mpaka watoto wakaanza kuondoka.

"Neno, mtani," Antonia akamkatiza.

"Nakupa kuku."

"Sitaki kuku, nataka neno."

"Kuku wawili."

"Kuku wawili kwa meno ya babu? Neno, mtani, neno moja tu!"

"Beberu!" Abdulwahab akapayuka.

Antonia mwenyewe alichelewa kufunga mdomo. Alikuwa anatania, na katika utani mbuzi hutajwa lakini haji. Huyu akaja. Abdulwahab alikwenda kwa jirani, akamnunua beberu bila kurudia kuuliza bei. Mtu yule yule anayeziona plagi zangu ghali! Kwa bei ya mbuzi yule ningemfungia plagi mpya yeye, na chenji yake ingewafungia majirani. Akaikabidhi kamba ya mbuzi kwa Antonia, akapokea chuma chakavu chake kwa mikono miwili, akakifuta kwa leso.

Watani walimchinja beberu jioni ile ile. Niliramba vidole, siwezi kusema uongo. Ila nilimwona Bi Kazija. Alikuwa ameacha kucheka tangu mbuzi alipotokea kwenye kona ya nyumba.

Sasa ikaja kazi ya kuzirudisha. Watani walikuwa wamechomoa waya zote kwa mpigo, na Abdulwahab, kwa hasira na watu kumkodolea, akazichomeka kama alivyokisia. Waya ya pili akaipeleka ya tatu, ya tatu ya pili. Akawasha. Gari ambalo lilikuwa linakohoa sasa likaanza kupiga baruti: pa! tuu! pa! Kuku wa marehemu wakaruka ua. Lilifika Rasbura nyuma ya trekta, limefungwa kamba.

Lukas akaenda kumpa pole. "Mzee, niangalie plagi na waya?"

"Plagi nimezisafisha mwenyewe, nzima. Sasa kama plagi ni nzima na gari haiendi, ugonjwa uko wapi?"

"Wapi, mzee?"

"Kwenye injini! Watani wameniulia injini." Hesabu yake ilikuwa sawa yote, isipokuwa pale ilipoanzia.

Akaandika kwa chaki kwenye kioo cha nyuma: INAUZWA. Wanunuzi wakaja, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kuwaambia kwamba injini imekufa, kwa sababu hakutaka waseme plagi. Nimefanya biashara tangu ujana na sijapata kuona muuzaji anayeshusha bei ya mali yake kwa kujitetea.

Ndipo asubuhi moja Bi Kazija akaingia dukani kwangu na mkoba wa ukili. Akanunua plagi mpya nne. Nilimtajia bei ya mgeni akanitazama tu, nikataja ya mwenyeji akaendelea kunitazama, tukaishia mahali ambapo mimi mwenyewe nilihisi nimemwibia mke wangu. Kisha akamuuliza Lukas, aliyekuwa amekaa hapo kwangu, "Fundi, gari lilikuja msibani linakohoa, likaondoka linapiga baruti. Injini inakufa kwa kuvuliwa plagi?"

"Haifi, mama. Hapo waya zimepishana."

"Nifuate Rasbura. Lakini ubaki njiani mpaka nikuite."

Lukas ndiye aliyesikia yaliyofuata, ukuta wa makuti wa Abdulwahab hauzuii neno.

Mzee alipomwona Kazija na Maftaha mlangoni alijua amekuja na jibu la posa. Alitoa vikombe vya wageni, akavaa kanzu juu ya ile aliyokuwa amevaa. Walipokwisha kunywa, Kazija akauliza, "Gari nasikia unaliuza?"

"Nauza, Bi Kazija. Watani wamemaliza injini."

"Bwana Abdulwahab, nitakuuliza mara moja, na ufikiri kabla hujajibu. Haiwezi kuwa ni plagi?"

Maftaha anasema alimkanyaga mzee mguu chini ya meza. Akakohoa kumwashiria. Akamkanyaga tena. Abdulwahab akausogeza mguu, akaona amekanyagwa kwa bahati mbaya.

"Labda?" Kazija akamsaidia. "Huenda? Hata nusu?"

"Plagi ni nzima," akasema Abdulwahab. "Injini ndiyo imekufa."

"Basi imekufa," akasema Kazija, na sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya mizani. "Nipe bei ya gari lililokufa injini."

Hapo alimchuna. Kila mzee alipotaja thamani ya matairi, Kazija alimuuliza matairi yatazungushwa na nini. Alipotaja viti, akaambiwa Kitomanga wana viti. Alilinunua kwa bei ya kuku wa msimu wa sikukuu, nazidisha kidogo tu, Maftaha akawa shahidi, kadi ya gari ikatoka sandukuni ikaingia kwenye mkoba wa ukili. Mkoba huo huo ukatoa boksi la plagi.

"Fundi Lukas!"

Lukas akaingia. Akapuliza mchanga pembeni mwa kila plagi usidondokee ndani, akazitoa zile kongwe, akazianza mpya kwa vidole kabla ya kuzikaza kwa spana. Waya ya pili akairudisha ya pili, ya tatu ya tatu. Akawasha. Gari likaunguruma kama cherehani ya fundi anayejua kazi. Jirani mmoja akachungulia kuuliza nani kanunua gari jipya.

Abdulwahab alikuwa amesimama na kanzu zake mbili. Alisikiliza muda mrefu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na ile posa, Bi Kazija?"

"Nilikuja na majibu mawili, baba. La kwanza, la kukubali, nilikupa ulichague wewe, nikakusaidia mpaka nikaona aibu." Akafungua mlango wa gari. "Mtu aliyemtoa mbuzi ili asiseme neno moja, siku nikiumwa atanisugua msasa."

Gari siku hizi linabeba ufuta kutoka Kitomanga, na likirudi tupu huchukua abiria. Wiki iliyopita Abdulwahab alipanda, kiti cha nyuma kati ya magunia matupu, akalipa nauli kama watu wengine. Mwanzo alikaa vizuri. Walipofika kwenye kilima, gari linapanda bila hata kukunja uso, akashindwa. Akamgusa dereva begani.

"Unasikia jinsi inavyopanda? Nilisema mimi hii gari nzima. Ila hizo plagi msizibadilishe upesi. Mkiona zimechoka, msasa kidogo tu—"

Bi Kazija, aliyekuwa kiti cha mbele, hakugeuka. Akamwambia dereva asimame. Wakamshusha pale pale katikati ya kilima, na nauli hakumrudishia.